Umeme Usiopumua

Katika karakana ya Fundi Thadei, mtaa wa Kashaulili mjini Mpanda, kuna ubao wa mninga uliopigiliwa ukutani, mkabala na mlango. Mteja anayeingia kwa mara ya kwanza huudhania kuwa ni ubao wa matangazo. Akisogea karibu ndipo anapoona kwamba umejaa vifaa vilivyokufa: kapasita za kutunzia umeme zilizopasuka vichwa, diodi nyeusi kama mbegu za papai, transista zilizokatika miguu. Kila kimoja kimeshikizwa kwa msumari mdogo, na chini yake kuna kikaratasi chenye jina la fundi aliyekiua pamoja na sababu. Sababu haizidi mstari mmoja. “Thadei: hakusubiri kapasita iishe umeme.” “Thadei: alikuwa na haraka ya misa.” “Spès: aligeuza chanya na hasi.” Jina la mteja halipo hata moja, kwa kuwa Fundi Thadei anashikilia kwamba mteja hana kosa, ana kifaa kibovu tu.

Spès aliingia humo miaka sita iliyopita, akiwa na cheti cha chuo cha ufundi ndani ya bahasha ya plastiki na maneno machache sana kinywani. Alikuwa ametoka Katumba, kwa wazazi wake, mzee Onesphore na mama Générose, wakulima wa mihogo na tumbaku ambao wazazi wao walivuka kutoka Burundi wakiwa wamebeba majembe na watoto. Siku hiyo alikuwa amekwisha kupita karakana nne. Ya kwanza walimwambia nafasi zimejaa. Ya pili walimuuliza kama anajua kupika. Mbili zilizobaki hawakumjibu kabisa. Fundi Thadei, Mfipa mrefu mwenye vidole vyembamba, hakukitazama cheti. Aliuliza swali moja.

“Binti, unajua kusubiri?”

“Shikamoo. Najua.”

“Marahaba. Basi kaa hapo, uisubiri kapasita hiyo iishe umeme. Mimi nakwenda kunywa chai.”

Alirudi baada ya nusu saa akamkuta palepale, mikono mapajani, hajagusa kitu. Akatundua koti la kazi msumarini, akampa.

Mwezi wake wa pili hapo Spès aliunguza bodi ya kipaza sauti cha kanisa la kigango. Moshi ulipanda, harufu ikajaa hadi barabarani, na yeye akaanza kulikunja lile koti ili alirudishe. Fundi Thadei alikichukua kifaa kilichoungua, akakipigilia ubaoni, akaandika jina lake. Kisha akafungua mtoto wa meza, akapekua kwa muda mrefu, akatoa transista moja yenye kutu na kuipigilia kando yake.

“Hii niliiunguza mimi kabla hujazaliwa,” alisema. “Kwa kosa lilelile. Yako isikae peke yake.”

Spès hakusema asante siku ile, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema. Lakini tangu hapo haikupita asubuhi ambayo aliifungua karakana bila kuupangusa ubao ule vumbi.

Mengi aliyajua kwa kuelekezwa na mzee huyo, naye aliyaandika yote katika daftari lenye jalada gumu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Somo moja hakuhitaji kuliandika. Fundi Thadei alichukua swichi ya kawaida ya ukutani, akaiwasha na kuizima kwa umeme wa AC, ule wa nyumbani. Kulikuwa na cheche ndogo, ikafa. Akaiunga swichi ileile kwenye umeme wa DC kutoka paneli za sola zilizokuwa juu ya bati. Alipoizima, mwali wa buluu ulitokea ndani ya swichi na kubaki hapo ukinguruma, hadi plastiki ikaanza kudondoka.

“Umeona?” aliuliza akiifunika paneli kwa turubai. “AC inapumua. Kila sekunde inashuka hadi sifuri mara mia moja, halafu inapanda. Ukiikata, cheche inakufa pale inapovuta pumzi. DC haipumui, mwanangu. Inang’ang’ania kama kupe. Kwa hiyo usiiwekee swichi ya AC hata siku moja, na usifikiri umeme ni umeme tu.”

Swichi ile iliyoyeyuka ipo ubaoni mpaka leo. Kikaratasi chake kinasema: “Thadei: kwa makusudi.”

Mwaka juzi macho ya Fundi Thadei yalianza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba dawa ingepunguza kasi tu. Mzee hakulalamika. Alianza kuzishika bodi karibu na pua, kisha akaacha kuzitazama akawa anazipapasa. Ilikuwa desturi ya karakana hiyo kwamba kila karatasi ya maelezo ifikayo na kifaa kipya isomwe kwa sauti, kuanzia jina la kiwanda hadi mstari wa mwisho, mmoja akisoma na mwingine akisikiliza. Walikuwa wakipokezana. Ilipofika zamu yake mzee hakuweza tena, akamsogezea Spès karatasi, naye Spès akaona namna mkono wake ulivyosita. Tangu siku hiyo Spès alizisoma karatasi zote mwenyewe, kimyakimya, akazikunja na kuziweka. Aliona ni heshima. Hakutaka kila karatasi impigie mzee kengele ya upofu wake.

Katika kazi zote za Fundi Thadei, aliyoipenda kuliko zote ilikuwa tangi la kupoozea maziwa la kikundi cha akina mama wa Kisukuma huko Ugalla. Familia zao zilihamia na ng’ombe kutoka kaskazini. Umeme wa gridi ulikuwa haujafika kwao, na maziwa ya jioni yalikuwa yakichacha kabla ya kupata gari. Mwanzoni walifungiwa paneli pamoja na inveta, kifaa cha kuigeuza DC ya sola kuwa AC. Inveta ya kwanza ikafa kwa joto, ya pili kwa vumbi, ya tatu bila sababu. Ndipo walipomwita Fundi Thadei, naye akakaa mbele ya mashine ile siku nzima akiitazama, maana wakati huo bado alikuwa akiona.

“Mashine hii ikipokea AC, kazi yake ya kwanza ni kuigeuza kuwa DC,” alimwambia Spès. “Sasa sisi tunaigeuza DC iwe AC, nayo inaigeuza AC iwe DC. Ni kumvua mtu shati ili umvalishe shati lilelile. Toa inveta.”

Akaitoa. Akaziunga paneli tisa mfululizo hadi volti zikatosha, akafunga breka maalumu ya kuikatia DC, akaupeleka umeme wa jua moja kwa moja mlangoni pa mashine. Spès aliogopa kidogo kwa ajili ya sehemu inayoitwa saketi ya pawa fakta, ambayo kazi yake ni kuifanya mashine inywe umeme wa AC kwa utaratibu, ikifuata mawimbi yake, badala ya kuugugumia kwenye vilele tu. Pasipo mawimbi ingefuata nini? Lakini saketi ya mashine ile haikujali. Ilipoletewa DC iliendelea kupandisha volti kama kawaida yake na kuzipitisha kwa kompresa. Mchana kutwa kompresa ilifanya kazi na kujaza barafu ya akiba, na usiku barafu ikayatunza maziwa. Ikawa hivyo kwa miaka mitatu.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia kwisha, mjusi alijipenyeza ndani ya bodi ya mashine hiyo akatafuta joto, akajilaza juu ya miguu ya transista za kuendesha kompresa. Akafa yeye, zikafa nazo. Spès akaagiza bodi nyingine Dar es Salaam. Ilikuja ikiwa na umbo lilelile na matundu ya skrubu yaleyale, ila ilikuwa toleo jipya. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi ya maelezo yenye herufi ndogo kama chawa. Spès aliutazama mchoro wa nyaya, akaona haukubadilika, akaikunja karatasi na kuirudisha.

“Kufunga nakwenda mwenyewe,” alisema Fundi Thadei. “Mashine ile mikono yangu inaijua.”

Alikwenda kwa bodaboda alfajiri na kurudi alasiri. Alikaa kwenye kigoda bila kuvua helmeti.

“Imekataa,” alisema.

“Imekataaje, mzee?”

“Inawaka, inazima. Inawaka, inazima. Nimepapasa kila skrubu, Spès. Lakini kupapasa si kuona. Huenda waya mmoja nimeuchomeka pasipo pake.” Kisha akasema polepole, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno njiani: “Kesho nenda wewe. Kama ni mikono yangu, uniambie. Usinifiche kwa kunionea huruma. Kama ni mikono yangu, hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na funguo za karakana nitakupa siku hiyohiyo. Fundi wa volti mia tatu asiyejua alichokishika ataua mtu.”

Spès hakulala vizuri. Hakuzitaka zile funguo.

Asubuhi alifungasha mita, bisibisi, pasi ya kulehemu ya betri, boksi la bodi mpya pamoja na karatasi yake, na bodi ya zamani aliyoifunga kwenye gazeti, kwani ilikuwa tabia yake kubeba kitu kibovu pamoja na kizima ili avilinganishe. Katika msitu wa Ugalla mbung’o waliwavamia, dereva wa bodaboda akawa anaendesha kwa mkono mmoja huku akijipiga mgongo kwa tawi kwa mkono wa pili. Walipofika, mama mnene mwenye kanga ya njano alikuwa amesimama mlangoni pa banda la maziwa. Huyo ndiye Mama Minza, mwenyekiti wa kikundi.

“Mwangaluka, mayu,” Spès alimwamkia, maana salamu hiyo ya Kisukuma ya kumwamkia mama alikuwa amefundishwa na Mama Minza mwenyewe.

“Mwangaluka, Sipesi! Karibu, mwanangu, ila ukija kwangu wiki hii utakunywa mtindi tu. Tunakunywa mtindi asubuhi, mchana mtindi, jioni mtindi. Hata mbwa sasa akiona kibuyu anahama mji.”

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakacheka. Hakucheka kijana mmoja aliyevaa saa kubwa, Deusdedit, katibu wa kikundi na mtoto wa dada yake Mama Minza.

“Dada, tusipoteze muda,” alisema. “Mzee wako alikuja hapa akawa anaziramba nyaya kwa vidole. Mimi nilisimama palepale. Mtu haoni! Jumamosi tuna kikao, na mimi hoja yangu ni moja: paneli tushushe, tununue jenereta. Tena leo nimeazima la mashine ya kusaga, lipo hapo nje, tujaribu.”

“We Deusi,” Mama Minza alimkemea, “mzee huyo alikupoozea maziwa miaka mitatu, leo unamsema hivyo? Mwache mgeni hata hajakaa.”

“Sijakataa, mamdogo. Nimesema tu haoni.”

Spès aliomba maturubai, akazifunika paneli zote tisa, akazima breka, akasubiri hadi mita ilipoonyesha kwamba kapasita zimekwisha umeme. Ndipo alipofungua kifuniko.

Alianza na skrubu ya kwanza. Ilikuwa imekazwa barabara. Ya pili vilevile. Kila waya ulikuwa umevalishwa kimkanda chake. Namba ya waya ilikutana na namba ya tundu. Waya wa ardhi ulikuwa umesafishwa kutu kabla ya kufungwa. Alipitia nyaya zote kumi na nne. Mwisho wa waya mmoja aliona nyuzi ndogo za shaba zimesokotwa pamoja na kupakwa risasi ya kulehemu, kazi ambayo mafundi wengi wenye macho mazima hawajisumbui kuifanya. Hakuna waya hata mmoja uliokosewa.

Alifunua paneli, akawasha, akasimama asikilize. Tik. Kompresa ikanguruma muda wa kuvuta pumzi moja, ikanyamaza. Akahesabu hadi tano. Tik. Ikanguruma, ikanyamaza. Mita ilionyesha kwamba volti za kutoka kwenye paneli zimetulia tuli, hazipandi wala hazishuki.

“Ndiyo hivyohivyo toka jana,” alisema Mama Minza. “Kama mtoto anayetaka kulia akasahau alichokuwa analilia.”

“Sasa tuweke jenereta,” alisema Deusdedit.

Spès alikubali. Alizifunika tena paneli, akazima breka, akasubiri kapasita ziishe umeme, akazitoa nyaya za sola, akaziunga za jenereta kwenye skrubu zilezile mbili. Deusdedit akavuta kamba. Mashine ikawaka, ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Dakika ikapita, ya pili, ya tatu. Deusdedit akageuka na kuwatazama wanawake, mikono kiunoni.

“Mnaona? Mashine nzima! Kibovu ni kile kizee.”

“Funga mdomo wako,” alisema Mama Minza, lakini kwa sauti ndogo, na macho yake yakamgeukia Spès kwa wasiwasi.

Spès naye alikuwa akiitazama mashine. “Kaka Deusi,” aliuliza taratibu, “umeme wa jenereta umepita wapi kuingia ndani?”

“Si hapo ulipofunga.”

“Ni skrubu za nani?”

Deusdedit akasita. “Za… za mzee.”

“Nyaya za ndani ni za nani?”

“Za mzee.”

“Nimebadilisha nini kingine?”

“Hakuna.”

“Basi mzee hajakosea waya. Angekosea, hata jenereta lisingeiwasha.”

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa Spès, naye akaona haya baada ya kuyasema. Alizima jenereta, akakaa chini kando ya mashine. Kitu pekee kilichobadilika ni aina ya umeme. Mashine iliipenda AC na kuikataa DC. Iliipokea kwa sekunde moja, kisha ikaikataa. Kwa nini iipokee kwanza? Alijiona amesimama tena mbele ya swichi inayoyeyuka, mzee akiwa na turubai mkononi. AC inapumua. DC haipumui. Ikiwa chipu inayoendesha saketi ya pawa fakta inasikilizia pumzi hizo ili ijue umeme upo, basi ikiletewa DC itasubiri pumzi ya kwanza, haitaisikia. Itasubiri tena, haitaisikia. Itaamini umeme umekatika, nayo itazima kila kitu na kuanza upya. Tik. Kisha kimya.

Akafungua boksi, akaikunjua karatasi. Alisoma kuanzia jina la kiwanda kwenda chini, kama walivyozoea zamani, midomo ikicheza bila sauti. Mstari wa tatu kutoka mwisho ulisema kwamba toleo hilo ni la AC pekee. Chipu yake hukagua mawimbi ya umeme, na isipoyaona huzima ndani ya sekunde moja.

Karatasi hiyo alikuwa nayo kwa wiki mbili. Angeisoma kwa sauti karakanani, mzee angemsimamisha kwenye mstari huo kabla hajaumaliza.

“Vipi, mwanangu?” Mama Minza alimuuliza. “Umepauka.”

“Si kitu, mayu. Nimeliona kosa. Naomba nafasi hadi saa nane, na kipande cha wavu wa dirisha.”

Aliifungua bodi ya zamani kutoka kwenye gazeti. Mjusi alikuwa ameua upande wa kompresa tu. Upande wa kuingizia umeme, wenye diodi nne, koili, na ile chipu ya zamani isiyojali mawimbi, ulikuwa mzima. Nao upande wa kompresa wa bodi mpya ulikuwa mzima. Spès alikata kwa msumeno mdogo njia za shaba zilizokuwa zikiunganisha nusu nzima na nusu iliyokufa. Aliing’oa chipu ya bodi mpya isije ikaingilia, akaitia kwenye kiberiti kitupu na kukiweka mfukoni. Kisha akazifunga bodi zote mbili ndani ya kasha la mashine, akazirudisha nyaya za sola kwenye nusu ya zamani, akazivusha nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, kutoka nusu ya zamani kwenda nusu mpya. Juu ya yote akafunga wavu wa dirisha, asije mjusi mwingine akatafuta joto. Alikagua kila kitu mara mbili. Alipomaliza mara ya pili alikagua tena.

“Dada huyu angekuwa mke wangu tungekula saa nne usiku,” Deusdedit alinong’ona.

“Kwani wewe nani angekuchukua?” mwanamke mmoja akamjibu, na banda zima likaangua kicheko. Hata Spès alitabasamu akiwa ameinama.

Maturubai yakafunuliwa. Tik. Kompresa ikanguruma. Spès akahesabu moja, mbili, tatu. Kompresa iliendelea. Nne, tano. Alihesabu hadi sitini. Baada ya robo saa bomba la shaba lilianza kutoa jasho, kisha likavaa utandu mweupe. Mama Minza akaligusa kwa kidole, akakipeleka kidole shavuni, akapiga kigelegele kilichowashtua ng’ombe zizini.

Deusdedit alikaribia, akachungulia kupitia wavu. “Kwa hiyo mzee alikuwa sahihi?”

“Mikono yake ilikuwa sahihi,” alisema Spès.

“Jumamosi nitasema hivyo kikaoni,” alisema Deusdedit. Akakuna kichwa. “Ila nilichosema mwanzo… usimfikishie.”

Mama Minza alimfungia lita tatu za maziwa kwenye kidumu, akakizungushia magunia yaliyoloweshwa maji. “Ya kwanza kupoa ni ya kwake,” alisema. “Mwambie Mama Minza hamsahau. Mwambie hata angekuja anatambaa, mlango huu ni wake.”

Spès alifika Mpanda kabla ya jua kuzama. Fundi Thadei alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka kama mtu aliyeketi mbele ya hakimu. Funguo za karakana zilikuwa mezani, zimepangwa vizuri juu ya kitambaa.

“Hujasema kitu,” alisema. “Basi ni mikono yangu.”

“Si mikono yako, mzee. Nimepitia nyaya zote kumi na nne. Hakuna hata mmoja uliokosewa.”

“Spès. Nilikwambia usinionee huruma.”

“Sikuonei.” Akavuta pumzi. Lililobaki lilikuwa gumu kuliko kulehemu. “Ni chipu. Toleo hili linasikilizia mawimbi ya AC. Lisipoyaona linazima. Limeandikwa kwenye karatasi, mstari wa tatu kutoka mwisho. Karatasi nilikuwa nayo mimi, na sikuisoma.”

“Wewe? Wewe husomi? Wewe unayesoma hata maandishi ya chini ya sabuni?”

“Niliangalia mchoro tu. Na sikukusomea. Ni muda mrefu sijakusomea.” Aliitazama mikono yake. “Siku ile uliponisogezea karatasi niliona umeumia. Nikaona nikisoma mwenyewe kimya, hutakumbuka macho. Nilidhani ni heshima.”

Nje, muuza karanga alipita akiita. Mzee akainyoosha mikono yake mbele, akavifungua na kuvifumba vidole, kama anayejaribu glavu mpya.

“Kumi na nne zote?” aliuliza.

“Zote. Na ule wa ardhi ulikuwa umeusugua kutu.”

“Niliusugua kwa jiwe,” alisema, na uso wake ukaanza kucheka kabla ya sauti. “Sandpepa niliisahau. Yule kijana wa saa alidhani nacheza na mawe.” Akacheka hadi akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, kisha akatulia. “Nisikilize, mwanangu. Siku ile sikuumia kwa sababu yako. Niliumia kwa sababu nilidhani zamu yangu imekwisha. Ukaacha kusoma, nikajua kweli imekwisha. Kumbe zamu ya kusikiliza haijaisha.”

Spès akamimina maziwa kwenye bilauri ya bati, akampa mkononi. Mzee alipoyagusa kwa midomo alitoa sauti ndogo ya mshangao.

“Baridi,” alisema. “Mama Minza hana kasoro. Umeiungaje?”

Akamweleza yote, nusu ya zamani na nusu mpya, nyaya mbili nene, wavu. Mzee alimkatiza mara tatu kumuuliza unene wa waya, na mara moja kumuuliza kama breka ya DC bado inashika. Alipomaliza, mzee alinyoosha mkono.

“Ilete hiyo chipu.”

Spès akatoa kiberiti. Fundi Thadei aliitoa chipu, akaizungusha kati ya vidole viwili, akahesabu miguu yake. Kisha akainuka, akaufuata ukuta kwa kiganja hadi kwenye ubao, akapapasa safu za misumari mpaka akapata nafasi. Akaipigilia mwenyewe, kwa mapigo mawili, bila kujigonga.

“Andika,” alisema. “Thadei: alidhani bodi zote ni sawa.”

Spès akaandika kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Akasita kidogo, kisha akaongeza mstari wa pili, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwenye ubao ule. Akakibandika.

“Umeandika maneno mengi kuliko niliyokupa,” alisema mzee. “Nasikia kalamu. Nisomee.”

“Thadei: alidhani bodi zote ni sawa,” alisoma Spès. “Spès: alinyamaza.”

Mzee akatikisa kichwa kwa kukubali, akarudi kwenye kigoda. Alizichukua funguo kutoka kwenye kitambaa akazitia katika mfuko wake mwenyewe. Kisha akanywa funda la pili la maziwa na kuielekeza bilauri kwenye boksi lililokuwa mezani.

“Na hiyo karatasi,” alisema. “Anzia juu. Jina la kiwanda.”

Spès aliikunjua, akavuta kigoda cha pili, akaketi karibu naye, akaanza kusoma kwa sauti.